Uraia wa Kanada kwa njia ya ukaazi: hesabu siku zako, kisha rudi nyumbani Kibosho kabla ya kiapo

Nilikula kiapo cha uraia wa Kanada Desemba 2025, miaka 7 na miezi 3 tangu nishuke Winnipeg nikiwa mwanafunzi. Kwa hesabu ya sheria ningeweza kuomba baada ya miaka 5. Muda uliozidi una sababu mbili kubwa: siku 219 nilizokaa Moshi nikimwuguza mama, ambazo sizijutii hata moja, na siku 2 nilizosahau kuziandika, ambazo zilinigharimu karibu mwaka mzima. Sasa nimekuja nyumbani, na karibu kila jioni kuna kijana anayefika hapa Kibosho, kwetu mlimani Kilimanjaro, kuuliza njia ya kupata "uraia wa pili". Nimeona niandike.

Kabla hujalipa hata senti, elewa hili. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Kwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, Sura ya 357, mtu aliyetimiza miaka 18 akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake, ule wa Tanzania unakoma. Kanada yenyewe haina neno, imeruhusu uraia wa nchi mbili tangu 1977. Jirani zetu wa Taveta wameruhusiwa na Katiba ya Kenya ya 2010. Sisi bado. Kwa hiyo kile mnachokiita "uraia wa pili", kwa Mtanzania ni uraia wa badala. Mtoto aliyezaliwa na uraia wa nchi mbili anaweza kukaa nao mpaka atimize miaka 18, hapo lazima achague. Hadhi Maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania ni jambo jema na nimeifurahia, lakini siyo uraia, na kura haikupi.

Binamu yangu aliambiwa na wakala mmoja mjini Arusha kwamba atapata pasipoti ya Kanada ndani ya miezi 6. Akatoa dola 3,000. Hakuna njia ya ukaazi inayoleta uraia wa Kanada kwa miezi 6, na fedha ile haikurudi. Mtu anayelipwa kukuwakilisha mbele ya uhamiaji wa Kanada lazima awe mwanasheria aliyesajiliwa huko au mshauri aliye kwenye rejesta ya chombo chao kinachosimamia washauri wa uhamiaji. Rejesta hiyo iko wazi mtandaoni. Mwombe namba yake, itafute, na kama jina halimo, ondoka.

Zipo nchi zenye muda mfupi zaidi. Argentina inataka miaka 2 ya kuishi mfululizo, Paraguay 3. Ujerumani ilishusha muda wake kutoka miaka 8 hadi 5 mwaka 2024. Ufaransa ni 5, ila aliyemaliza miaka 2 ya elimu ya juu hukohuko anaweza kuomba baada ya 2. Visiwa kama St Kitts vinauza uraia kwa fedha tangu 1984, lakini hiyo ni biashara ya wenye mamilioni, si ya mtoto wa mkulima wa kahawa. Mimi nilikwenda Kanada kwa sababu Kiingereza ninacho na kazi ya kuhudumia wazee ilikuwepo. Muda mfupi kwenye karatasi haukusaidii kama huwezi kupata riziki wala kuongea na jirani.

Ukaazi wa kudumu nitaupitia haraka, maana maelezo yake yamejaa kila mahali. Unaweza kuombea hapa Moshi kupitia Express Entry, mfumo wa Kanada wa kuwachuja waombaji kwa alama, ukiwa na mtihani wa Kiingereza na vyeti vilivyotathminiwa, na umri wa miaka 20 hadi 29 ndio unaopewa alama nyingi zaidi. Au unapita njia yangu: kibali cha kusoma, kisha kibali cha kazi baada ya masomo, kisha jimbo linakupendekeza. Nilifika Septemba 2018, nikawa mkazi wa kudumu tarehe 1 Septemba 2021. Ila majina kwenye vyeti yalingane kabla hujaondoka. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema hivi na cha kidato cha nne kinasema vile, nenda kwa wakili uape dipoli, yaani hati ya kisheria ya kuthibitisha jina lako, uisajili kwa Msajili wa Hati. Ukiwa ng'ambo, jambo hilo la siku chache linageuka la miezi.

Sasa siku. Hapa soma polepole.

Unatakiwa uwe umekuwepo Kanada siku 1,095 ndani ya miaka 5 inayotangulia tarehe ya kuomba. Kila siku uliyokuwepo ukiwa mkazi wa kudumu ni siku kamili. Kila siku uliyokuwepo kabla ya hapo kwa kibali halali cha kusoma au kazi ni nusu siku, na nusu hizo zote kwa pamoja hazivuki siku 365. Ndiyo kusema miaka 2 ya shule inakupa 365, na miaka 2 ya ukaazi wa kudumu inakupa 730. Hiyo ndiyo njia fupi. Lakini dirisha la miaka 5 linasogea kila siku, hivyo ukichelewa sana kuomba, zile nusu za shule zinaanza kudondoka nyuma.

Siku ya kuondoka na siku ya kurudi zote mbili zinahesabiwa kuwa ulikuwepo. Zinazopotea ni zile za katikati. Mimi niliondoka tarehe 12 Januari 2022 dada aliponipigia kwamba mama hawezi tena kuamka, nikarudi tarehe 20 Agosti baada ya kumzika. Siku 219. Nikazijumlisha kwenye muda wangu, nikaona tarehe yangu ni 7 Aprili 2024, na siku hiyohiyo nikatuma ombi nikiwa na 1,095 kamili. Nilijivunia kutopoteza hata siku moja.

Miezi 9 baadaye ikaja barua. Oktoba 2023 tulikwenda Minneapolis kwenye msiba wa mtoto wa shangazi, mwendo wa saa saba kwa gari. Tulitoka Ijumaa, tukarudi Jumatatu. Jumamosi na Jumapili zikawa siku mbili nje, na nilikuwa nimezisahau kabisa kwa sababu hatukupanda ndege. Kanada na Marekani hubadilishana kumbukumbu za wanaovuka mpaka kwa barabara, kwa hiyo kwao safari ile ilikuwa imeandikwa. Nilikuwa na 1,093. Nikapewa nafasi ya kufika mbele ya jaji wa uraia au kuliondoa ombi mwenyewe. Jaji angenisaidia nini, na hesabu iko wazi? Nikaliondoa. Ile ada ya haki ya uraia hurudishwa, lakini dola 530 za Kanada za kushughulikia ombi hazirudi. Kwangu hizo zilikuwa zamu nne za usiku.

Kwa hiyo fanya hivi tangu siku unayotua. Nunua daftari. Kila ukivuka mpaka, hata kwa gari, hata kwa chakula cha mchana, andika tarehe, mahali na sababu. Tunza tiketi. Pasipoti iliyokwisha usiitupe, maana utaulizwa zote za miaka 5, na pengo kati ya moja na nyingine lazima ulieleze. Tumia kikokotoo cha serikali kilichopo mtandaoni, kisha ukishafika 1,095 usiombe. Subiri. Ongeza mwezi mzima, miwili ukiweza. Ombi langu la pili, Februari 2025, lilikuwa na siku zaidi ya 1,300, na sikuulizwa neno.

Kuna mtego mwingine nilioingia kwa sababu ya safari hiyohiyo ya mama. Ukikaa nchi nyingine siku 183 au zaidi mfululizo ndani ya miaka 4 kabla ya kuomba, unatakiwa kuleta cheti cha polisi cha tabia njema cha nchi hiyo. Sikujua. Nilijiona mtu wa Kanada, kumbe kwa miezi ile 7 nilikuwa mkazi wa Tanzania tena. Nikachukuliwa alama za vidole vyote kumi kule Winnipeg, nikazituma Moshi, dada akapanda basi usiku kwenda Dar es Salaam kukifuatilia cheti. Wiki 6 zikapita, na kosa lilikuwa langu. Kama mgonjwa wako anaweza kuachwa hata kwa siku chache, rudi Kanada kabla ya siku ya 183, kisha uje tena. Kama hawezi, kaa naye. Cheti kitapatikana.

Mengine ni mepesi. Wenye miaka 18 hadi 54 huonyesha lugha, lakini usilipie mtihani mpya kama ulisoma sekondari au chuo kwa Kiingereza, cheti chake na matokeo vinatosha. Kodi uwe umewasilisha kwa miaka 3 ndani ya ile 5, pale sheria inapokutaka. Ada ya mtu mzima sasa ni zile 530 na juu yake karibu 120 ya haki ya uraia. Mtihani una maswali 20, unatakiwa kupata 15, na yote yanatoka kwenye kijitabu cha bure. Nilikisoma kwenye basi la kwenda kazini kwa wiki mbili.

Ukishatuma ombi, safari hazikupunguzii tena siku. Tumia nafasi hiyo kuja nyumbani, maana hapa ndipo wengi wetu wa Uchagani tunapoumia.

Ardhi ya kijiji humilikiwa kwa haki ya kimila, na haki hiyo ni ya raia. Sheria ya Ardhi ya 1999 kwa kawaida haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Mimi ni mziwanda wa kiume, na kwa mila yetu boma la baba hubaki kwa mziwanda. Baba na mama wote wamelala kwenye mgomba ule. Ningekula kiapo kimyakimya, kihamba, yaani shamba la ukoo lenye boma, kingebaki mikononi mwa mtu ambaye sheria haimtambui kama raia, na siku ya ugomvi ningesimama na nini?

Kwa hiyo Julai 2025 nilikuja wiki tatu. Kama mirathi ya wazazi haijafunguliwa, anzia hapo: ukoo ukae, umpendekeze msimamizi, upeleke muhtasari Mahakama ya Mwanzo. Ya baba ilikuwa imefungwa zamani, hivyo tuliitisha kikao cha ukoo moja kwa moja. Walikuwepo baba mdogo, shangazi wawili, kaka zangu na majirani wa mipaka yote minne. Usiwasahau majirani, ndio watakaosema isale, mmea wetu wa kuonyesha mpaka, linapita wapi. Nikasema nataka kihamba kiende kwa dada, aliyemgeuza mama kitandani usiku na mchana kabla sijafika. Kukawa kimya. Mwanamke kurithi boma si jambo la kila siku kwetu. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji, pia ya 1999, inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata ardhi na kuimiliki, na shangazi mkubwa ndiye aliyesema wa kwanza kwamba anakubali.

Baba mdogo aliuliza swali moja. "Na wewe, mwanangu, tutakuzika wapi?"

Nikamjibu ni hapa, pembeni ya mama, na dada akasema ndiyo. Akaagiza iandikwe. Ikaandikwa kwenye muhtasari, aya ya tano, wote wakasaini, kisha tukaenda kwa mtendaji wa kijiji kugonga muhuri na kumwombea dada hatimiliki ya kimila kwa jina lake. Chukueni nakala tatu: ya kijiji, ya mmiliki mpya, na moja uondoke nayo. Hisa na akaunti za benki nilimaliza wiki hiyohiyo mjini.

Desemba nikala kiapo. Kadi ya ukaazi inaishia hapo, na pasipoti ya Tanzania ni mali ya serikali, hivyo niliituma kwenye ubalozi wetu Ottawa kwa posta ya kusajiliwa. Piga nakala ya ukurasa wa picha kabla hujafunga bahasha. Usijaribu kuingia nyumbani kwa pasipoti ya zamani. Wapo wanaofanya hivyo, na wanalala na hofu.

Viza nililipia dola 50 za Marekani. Pale KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, nikasimama foleni ya wageni pamoja na watalii wa mlima. Pasipoti ya Kanada huandika mji uliozaliwa na herufi tatu za nchi, kwa hiyo yangu inasema MOSHI TZA. Yule dada wa uhamiaji aliisoma, akaniangalia, akauliza kwa sauti ya chini, "Moshi ya wapi, kaka?" Nikamwambia Kibosho. Akasema karibu nyumbani, akanigongea siku 90.