Kufunga darubini kwenye Mosin-Nagant 91/30 bila kutoboa chuma

Ukitaka kujua kwa nini Mosin-Nagant, bunduki ya zamani ya jeshi la Urusi, inasumbua kuvishwa darubini, hakikisha haina risasi kisha inua mpini wa bolti, kile chuma kinachofunga chumba cha risasi. Mpini umenyooka kama msumari. Ukiufungua unasimama wima, pale pale ambapo bunduki za kuwindia hubeba darubini zao. Walioibuni mwaka 1891 walimfikiria askari wa jicho tupu mwenye singe mbele ya mtutu. Mimi napiga shabaha za karatasi huku Ohio, macho yameanza kuchoka, na njia hii nimeifikia baada ya kupoteza pesa mara mbili. Mlioko Kenya na Tanzania, leseni kwanza, na kazi ya silaha apewe fundi aliyeruhusiwa.

Hatua ya 1: Chagua kiti

Darubini hukaa juu ya kiti, na kiti ndicho kinachoamua mambo yote mengine.

Kuna kiti cha ubavuni, nakala ya kile kilichobeba darubini ya PU ya wadunguzi wa Kisovieti, yenye ukuzaji wa mara 3.5. Kinapendeza sana. Lakini kinataka matundu yenye hesi kwenye ubavu wa kushoto na mpini wa bolti uliopindwa, tena darubini inaziba njia ya klipu, kile kibanio cha kuingizia risasi tano kwa mkupuo, kwa hiyo unalisha risasi moja moja. Kiti cha juu ya chumba cha bolti nacho kinataka keekee na mpini uliopindwa. Kinabaki kile kinachokalia kitako cha kilengeo cha nyuma, juu ya kasiba. Hakitobolewi chochote, mpini unapita bila kugusa kitu, na klipu inaingia kama zamani.

Mimi huchukua hicho cha mwisho, kwa sababu tundu ukishalitoboa limetoboka. Bunduki kadhaa za wadunguzi zilirudishwa kuwa za kawaida na matundu yake yakazibwa. Ukiona viduara vya chuma kilichojazwa kwenye ubavu wa kushoto, weka keekee chini. Mkononi una kitu ambacho wakusanyaji watakigombania.

Kabla ya kulipa, angalia kiti kinajishikaje. Cha kwanza nilichonunua, cha bei ya chini, kilishikwa na pini peke yake. Nilikitikisa kwa vidole kikacheza kama jino la mtoto. Tafuta chenye pini na pia skrubu za kubana kwa nyuma.

Hatua ya 2: Darubini inayolingana na kiti

Hapa ndipo pesa yangu ya pili ilipoishia. Darubini ya kawaida inataka jicho liwe inchi 3 au 4 nyuma yake. Kwenye kiti hiki inakaa mbele zaidi, karibu inchi 10 kutoka usoni. Niliifunga ya kawaida nikaona kiduara kidogo kama sarafu, na giza pande zote. Nunua iliyotengenezwa kwa jicho la mbali. Yenye ukuzaji wa mara 2 hadi 7 na lenzi ya mbele ya milimita 32 inatosha sana.

Hatua ya 3: Toa kilengeo cha nyuma

Hakikisha tena chumba na magazini ni vitupu. Fungua bolti, vuta kifyatulio ukikishikilia, bolti itatoka nyuma. Iweke mbali.

Funga bunduki kwenye jiliwa lenye vipande vya mbao au ngozi. Kilengeo kimeshikwa na pini moja kwa mbele, na chini yake kuna springi inayokisukuma. Usiipige pini springi ikiwa inasukuma: bana kilengeo kwa klampu ndogo mpaka mzigo uiondokee pini, kisha isukume nje kwa panchi na nyundo nyepesi. Ikigoma upande mmoja, jaribu mwingine. Kama bado ina grisi ngumu ya ghalani, pasha moto kwa kikausha nywele kwanza.

Kilengeo, springi na pini vitie kwenye mfuko mmoja na uandike juu yake.

Hatua ya 4: Safisha, funga, nyoosha

Futa kila panapogusana chuma na chuma kwa asetoni, pamoja na hesi za skrubu. Niliwahi kuruka hatua hii. Grisi ya miaka ya vita ilijificha kwenye vitundu, ikapata joto la kasiba ikatoka. Risasi ya kumi ilikuwa imehama kiganja kizima nami nikawa nalaumu risasi.

Weka kiti, rudisha pini, kisha kaza skrubu za nyuma kwa zamu, robo mzunguko kila moja. Tia tone la gundi ya hesi ya nguvu ya kati, ile ya buluu. Skrubu za pete zinazoshika darubini zisikazwe kupita nguvu ya paundi-inchi 15 hadi 18, isipokuwa mtengenezaji amesema vingine. Ukikaza kwa hasira utaliminya bomba.

Kabla ya kukaza pete kabisa, weka pima maji juu ya kiti na uning'inize timazi hatua ishirini mbele yako. Zungusha darubini mpaka uzi wa wima wa msalaba ulio ndani yake ulale juu ya uzi wa timazi.

Hatua ya 5: Weka sifuri

Kuweka sifuri ni kurekebisha darubini ili risasi ipige pale msalaba unapolenga. Bolti ikiwa nje, chungulia ndani ya kasiba hadi uone shabaha ya yadi 25 katikati ya duara. Bila kutikisa bunduki, sogeza msalaba hapo hapo. Rudisha bolti, piga tatu.

Sasa hesabu. Kwenye darubini nyingi za huku tiki moja ya kizungushio huhamisha risasi takribani robo inchi kwa yadi 100. Kwa yadi 25 ni robo ya hiyo, yaani 1/16 ya inchi. Risasi zikienda inchi 2 kulia, unahitaji tiki 32 kushoto. Wengi huzungusha 8, wanaona hakuna kilichobadilika, wanarudisha darubini dukani. Mshale ulioandikwa kwenye kizungushio unaonyesha risasi itakakohamia.

Zikikaribia katikati, zikiwa chini kwa inchi moja hivi, nenda yadi 100 umalizie. Piga tano, acha kasiba ipoe, kwa sababu hewa ya moto inapanda mbele ya lenzi na shabaha inaanza kucheza. Singe amua mapema: ukiivaa au kuivua baada ya sifuri, risasi zitahama.

Baada ya risasi 20 kagua skrubu zote. Kama ulitumia risasi za zamani za 7.62x54R, ndizo za bunduki hii, nyingi zina kiwashio kinachoacha chumvi, kwa hiyo mwaga maji ya moto kwenye kasiba siku hiyo hiyo, kausha, kisha mafuta. Pitisha kitambaa kwenye kingo za kiti pia, maji hupenda kujificha hapo.