Watoto 64 kwenye Uwanja Mmoja wa Netiboli

Mimi hufundisha gredi ya nne huku Kayole, Nairobi, na darasani nina watoto 64. Kipindi cha michezo ni dakika 35. Ukitoa muda wa kutoka darasani na wa kunawa mikono, hubaki kama 25. Ukiwapanga mistari miwili mbele ya mpira mmoja, wengi watasimama tu mpaka kengele ilie. Ndiyo maana kila ninapoandaa kipindi hujiuliza: kila mtoto atakimbia, ataruka na kurusha mara ngapi?

Anza na vifaa, wala usingoje shule inunue. Zamani mipira tuliisokota kwa majuala, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku Agosti 2017. Sasa natumia vitambaa vya nguo kuukuu: navikunja, navikaza kwa kamba ya katani, kisha navivisha soksi. Mpira huo haumuumizi mtoto ukimpiga usoni, wala haudundi ukafika barabarani. Tyubu za baiskeli zilizochakaa, muulize fundi wa mtaani. Ukizikata na kuziunganisha una bladda, ile kamba ya mpira ya kuruka. Chupa za maji zilizojazwa mchanga zinatosha kuweka mipaka.

Kabla watoto hawajatoka, zunguka uwanja kwa miguu. Okota vigae, waya na vifuniko vya soda, na shimo ulizungushie chupa.

Sasa nafasi. Uwanja wa netiboli una urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25. Ugawe mara nne kwa urefu na mara nne kwa upana, upate vyumba 16, kila kimoja karibu mita 7.6 kwa 3.8. Watoto wanne kila chumba, mpira mmoja. Hakuna anayengoja zamu.

Wapashe mwili joto kwa "nyama nyama nyama". Unataja mnyama, akiwa wa kuliwa wanaruka na kuitikia "nyama!", asipoliwa wanachuchumaa kimya. Anayekosea asitolewe, aruke mara tatu aendelee. Sipendi kabisa michezo ya kutoa watu, kwa sababu wanaotoka mapema huwa ni wale wale wanaohitaji mazoezi zaidi.

Halafu kati, mchezo wa kukwepa mpira. Wanaijua tangu nyumbani, hivyo huna haja ya hotuba. Wawili wanarusha kutoka ncha mbili, wawili wanakwepa katikati. Badilisha sheria moja tu: anayepigwa anabadilishana na aliyempiga. Wote warushe kufuata urefu wa uwanja, ili mipira isipishane na ya majirani. Hapa ndipo unapofundisha. Pita chumba hadi chumba ukiangalia miguu: anayerusha kwa mkono wa kulia atangulize mguu wa kushoto, ageuze bega, kisha aachilie mpira akiusindikiza kwa mkono. Taja jambo moja kwa mtoto mmoja, usonge mbele. Wakishazoea, weka chupa tupu na rundo la mchanga katikati. Wanaokwepa waijaze kwa viganja huku wakitazama mpira. Kelele zitapanda, na ziache zipande. Filimbi iwe ya kusimamisha tu, la sivyo wataacha kuisikia.

Mwanzoni mwa muhula waulize wazazi nani ana pumu. Baridi ya Julai na vumbi la Januari huichochea. Mtoto huyo asiachwe kibarazani: aanze taratibu, inhela yake iwe karibu nawe, na akianza kukohoa au kifua kubana apumzike na kuitumia. Anayetembea kwa gongo mpe nafasi ya kurusha, umfupishie umbali. Wasichana wavae kaptula chini ya sketi. Waambie siku iliyotangulia, kwa upole, ili asiwepo wa kukaa kando kwa aibu.

Mvua za Aprili zikinyesha, kaeni darasani: kusimama kwa mguu mmoja, kupiga makofi kwa mdundo, kurushiana mpira wa soksi na jirani.

Dakika tano za mwisho watembee polepole, wajinyooshe, wanywe maji. Wakati huo andika daftarini majina ya watoto wanane uliowatazama vizuri leo, na mguu uliotangulia. Kipindi kijacho anza na vyumba ambavyo hukuvifikia.