Kuchagua lenzi za miwani: ushauri wa anayezisaga

Kazi yangu ni kukata na kusaga lenzi. Mteja anachagua fremu kule mbele, kisha fremu na karatasi ya vipimo vinaletwa mezani kwangu, nami naisaga lenzi hadi ikae ndani ya fremu bila kucheza. Miwani yenye malalamiko nayo hurudi kwenye meza hiyo hiyo. Nikiipima upya, mara nyingi nakuta namba za daktari ni sahihi na usagaji hauna kasoro. Kosa lilifanyika wakati wa kuchagua, na mwenye miwani amevumilia kichwa kuuma wiki nzima akidhani macho yake ndiyo yanazidi kuharibika. Hilo linaniuma, ndiyo maana nayaandika haya.

Isome kwanza karatasi yako. Tuseme jicho la kulia limeandikwa −2.25, kisha −0.75, kisha 170. Namba ya kwanza ni nguvu ya lenzi kwa dayopta: alama ya kutoa ni ya asiyeona mbali, na lenzi yake huwa nyembamba katikati na nene kingoni, ya kujumlisha ni kinyume chake. Namba ya pili inasahihisha jicho ambalo sehemu yake ya mbele haikuviringika sawasawa. Ya tatu, kati ya 1 na 180, ni pembe ya sahihisho hilo. Ukishavuka miaka arobaini na kitu huenda ukakuta pia neno ADD, yaani nguvu ya kuongezwa kwa ajili ya kuona karibu. Ukiinakili karatasi kwenye simu, nakili na alama zake. Kutoa ikigeuka kujumlisha, lenzi hiyo haifai hata kidogo.

Karatasi haisemi unashinda ukifanya nini, na lenzi inachaguliwa kwa hilo. Kwa hiyo nawaomba watu wafanye jambo moja dogo kabla ya kutoka nyumbani: kaa kama unavyokaa kazini, mwenzako ashike uzi kutoka pembeni mwa jicho lako hadi kwenye kitu unachokitazama, kisha upime uzi huo. Kitabu mara nyingi ni sentimita 40. Kompyuta ni 60 au 70.

Mama mmoja, fundi cherehani, alikuja na miwani ya bifokali, yaani yenye sehemu ya juu ya kuonea mbali na kidirisha cha chini cha kuonea karibu, na ADD yake ilikuwa +2.50. Shingo ilimuuma kila jioni. Kwake, nguvu ya 2.50 ilionyesha vizuri kwenye sentimita 40, kwa sababu 1 gawanya kwa 2.5 ni 0.4 ya mita. Tukapima kwa uzi alivyokaa kwenye cherehani yake: kutoka jicho hadi sindano, sentimita 57. Ili aione sindano alikuwa akiinama sentimita 17 zote hizo, kutwa nzima. Nikamwandikia kipimo hicho kwenye kipande cha karatasi akampelekea daktari wake, naye akampa nguvu ya kuongeza ya 1.75, lenzi nzima, kwa ajili ya kushonea tu. Bifokali akabaki nayo ya kutembelea. Namba za mwanzo hazikuwa na kosa. Zilikuwa za kusomea kitabu.

Lenzi za nguvu moja zinamtosha mtu asiye na ADD, na hapo usikubali kuuziwa zaidi. Mwenye ADD ana bifokali, ambayo kidirisha chake cha chini kinaonekana kwa mstari, au progresivu, ambayo nguvu inapanda taratibu kutoka juu kwenda chini bila mstari. Progresivu zimekuwepo tangu 1959, zilipoanza kuuzwa Ufaransa, na za leo ni nzuri mno. Ila pembeni, chini kushoto na kulia, lazima pawe na ukungu. Hakuna kiwanda kinachoweza kuuondoa kabisa, wanausogeza tu. Ndiyo maana kwa progresivu unageuza kichwa, hugeuzi macho peke yake, na ukishuka ngazi unainamisha kidevu ili utazame kwa sehemu ya juu. Fremu iwe na kimo cha kutosha: kutoka katikati ya mboni hadi ukingo wa chini wa lenzi napenda nipate milimita 18. Zipo zinazokubali 14, lakini sehemu ya kusomea inabanwa.

Sasa unene, ambao ndio watu wanaoutolea pesa nyingi kuliko inavyostahili. Mimi mwenyewe navaa kutoa sita pande zote mbili, kwa hiyo hesabu hii nimeifanyia uso wangu. Plastiki ya kawaida ina kipimo cha kupinda mwanga cha 1.50. Zile zinazoitwa nyembamba ni 1.60, 1.67 na 1.74. Kwa lenzi ya kutoa sita ya plastiki ya kawaida, ukingo ulio milimita 25 kutoka kitovu cha lenzi unazidi unene wa katikati kwa karibu milimita 3.75. Chukua fremu kubwa ambayo ukingo wake uko milimita 30: ziada inakuwa 5.4. Weka lenzi ya 1.67 kwenye fremu hiyo kubwa, ziada inarudi 4. Kwa maneno mengine, fremu ndogo yenye lenzi ya bei ya chini na fremu kubwa yenye lenzi ya bei ya juu zinakaribia kulingana. Chagua fremu ndogo na ya mviringo kwanza, ndipo uulize kama bado unahitaji 1.67. Chini ya dayopta mbili na nusu au tatu, plastiki ya kawaida inatosha wengi.

Tazama ndani ya mkono wa fremu. Utakuta kitu kama 50, kisha 18, kisha 140. Hamsini ni upana wa lenzi, kumi na nane ni nafasi ya pua, 140 ni urefu wa mkono, vyote kwa milimita. Jumlisha viwili vya kwanza: 68. Hiyo ilinganishe na umbali kati ya mboni zako mbili. Kama ni 62, kila lenzi itasogezwa ndani milimita 3, na ukingo wa nje, kwa kuwa uko mbali zaidi na kitovu cha lenzi, utanenepa. Kadiri namba hizo mbili zinavyokaribiana ndivyo lenzi zinavyopendeza.

Kuna kijana aliyeleta miwani ya kutoa sita iliyotengenezwa kwingine. Akiivaa macho yalichoka kwa robo saa tu. Nikaipima: vitovu vya lenzi vilikuwa 68 kutoka kimoja hadi kingine, na mboni zake zilikuwa 62. Aliyezifunga alikuwa ameziweka katikati ya fremu, asiulize uso wa mvaaji. Milimita 3 kwa kila jicho, kwa nguvu ya sita, ni mvuto wa prizimu (kipimo cha lenzi inavyoupindisha mwanga pembeni) 1.8 upande mmoja na 1.8 upande wa pili, na misuli ya macho ndiyo inayoulipia. Kwa hiyo dai upimwe umbali wa mboni kila jicho peke yake, kutoka katikati ya pua, ukiwa umevaa fremu uliyoichagua na imeshakunjwa ikakukaa. Kwa progresivu, fundi achore kwa kalamu nukta mahali mboni ilipo kwenye lenzi za maonyesho. Asiyechora, msubirishe mpaka achore.

Mtoto, mwanamichezo, na mtu mwenye jicho moja tu linaloona, wapewe polikaboneti au Trivex, aina mbili za plastiki ngumu. Hapo sina mjadala. Hazivunjiki kirahisi na zinazuia miale ya urujuanimno zenyewe. Polikaboneti ina kasoro yake: inatawanya rangi zaidi, hivyo ukitazama taa kwa pembeni unaweza kuona utepe wa rangi kama upinde wa mvua. Trivex haina sana tatizo hilo. Fremu isiyo na ukingo wa kuizunguka lenzi, ile ambayo lenzi yenyewe hutobolewa ikashikwa kwa skrubu, usiiwekee plastiki ya kawaida, maana itapasuka penye tundu. Lenzi za kioo hazikwaruziki ovyo, lakini ni nzito na zikivunjika zinakata.

Kitu cha ziada ninachokubali ulipie ni tabaka la kuzuia mng'ao. Lenzi ya kawaida inarudisha karibu asilimia 8 ya mwanga kwa nyuso zake mbili, ya 1.67 inarudisha zaidi, kama 12. Ukiendesha gari usiku utaiona tofauti. Kuhusu lenzi za kuzuia mwanga wa buluu wa kompyuta, mapitio ya 2023 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, hayakuona kuwa zinapunguza uchovu wa macho kuliko lenzi za kawaida kwa muda mfupi, kwa hiyo pesa hiyo ibaki mfukoni. Zinazobadilika rangi juani ni raha kwa mtembea kwa miguu, ila ndani ya gari nyingi zinabaki nyeupe kwa sababu kioo cha mbele kinazuia miale inayoziamsha.

Siku ya kuchukua miwani, ipeleke chini ya taa. Kivuli cha taa juu ya lenzi kikiwa na rangi ya kijani au zambarau hafifu, tabaka lipo. Kikiwa cheupe kikali, halipo, na uliza kabla hujalipa. Kisha vaa, simama, tembea, soma kwa umbali ule wa uzi wako. Namba mpya huhitaji siku kadhaa, progresivu hata wiki mbili. Baada ya hapo kichwa kikiuma bado, irudishe, na useme waipime vitovu vyake mbele yako.