Jinsi ya kuviona vimeng'enya vya glioblastoma vikila jeli

Mwaka 1928 Walter Dandy, daktari mpasuaji wa ubongo wa Marekani, aliandika kuhusu wagonjwa wa uvimbe wa ubongo aliowaondolea nusu nzima ya ubongo upande wa kulia. Hata hivyo, uvimbe ulirudi. Seli za glioblastoma, saratani kali ya ubongo, hutangulia kisu: hufuata kuta za mishipa ya damu na kumeng'enya kolajeni, protini ya kuta hizo, kwa MMP-2 na MMP-9, vimeng'enya vinavyokata protini. Kazi yangu maabara ni kuvionyesha vimeng'enya hivyo.

Anza kwa kuondoa seramu, majimaji ya damu ya ndama yanayolisha seli maabara. Osha seli vizuri, zikae saa 24 kwenye kimiminika kisicho nayo, kwa sababu seramu ya ndama ina MMP zake. Ukiiacha, utapima ndama badala ya uvimbe. Kusanya kimiminika hicho, zungusha kwenye mashine ili seli zilizokufa zitulie chini, kisha linganisha kiasi cha protini katika kila sampuli.

Changanya na rangi yenye SDS, sabuni inayokunjua protini, bila mercaptoethanol, kemikali inayovunja vifungo vyake, na usichemshe. Mwanzoni nilichemsha kwa mazoea ya jeli za kawaida. Jeli ikatoka bluu tupu, na ile ndiyo iliyokuwa sampuli ya mwisho. Iliniuma sana.

Jeli iwe na jelatini miligramu 1 kwa mililita. Weka sampuli, na ukishapitisha umeme ili protini zitengane kwa uzito, ioshe kwa Triton X-100, sabuni laini, ya asilimia 2.5, nusu saa mara mbili. Usifupishe hapa: SDS ikibaki, vimeng'enya havijikunji upya. Halafu iache usiku kucha kwenye bafa (mmumunyo unaotunza kiwango cha asidi) yenye kalsiamu na zinki kidogo, nyuzijoto 37, na asubuhi uitie Coomassie, rangi ya bluu inayoshika protini.

Rangi ya ziada inapotoka, iweke juu ya mwanga na usubiri. Kwenye ubluu mzito, pale jelatini ilipoliwa, patafunguka mstari mweupe karibu na kilodaltoni (kipimo cha uzito wa protini) 92, ndiyo MMP-9, na mwingine kwenye 72, MMP-2. Chini kidogo ya huo wa 72, tafuta mstari mwembamba kama uzi.

Uzi huo ndio ninaouthamini. MMP-2 ya 72 bado imefungwa. Inang'aa kwa sababu SDS imeifungua kifuniko ndani ya jeli, na vizuizi vyake, TIMP, vimetenganishwa nayo. Kwa hiyo unene wa mstari wa 72 hauthibitishi kwamba seli zilikuwa zinakata chochote. Ule wa chini ulishakatwa kabla ya jeli, na kwa kawaida mkataji ni MMP-14 iliyo juu ya seli zenyewe.

Kabla ya kuiacha jeli usiku kucha, kata kipande kimoja ukilaze kwenye bafa yenye EDTA, inayovinyang'anya vimeng'enya hivi metali zao. Mistari ikibaki palepale, hiyo si MMP.

Siku hiyohiyo mimi huweka seli zilezile juu ya tabaka la Matrigel, jeli ya protini za kati ya seli, kesho yake nahesabu zilizopenya, na hesabu hiyo naiandika kando ya ule uzi.