Somo: Kusoma Saikolojia kwa Kuanzia na Mwaka wa Msingi, Ukiwa Lubumbashi

Ndugu wanachama, somo hili nimeliandika kwa ajili ya wenye diploma ya taifa waliokubaliwa, au wanaotarajia kukubaliwa, na chuo kikuu cha Uingereza kinachofundisha saikolojia kwa njia ya intaneti, na ambao wameambiwa kwamba shahada yao itaanza na mwaka wa msingi kabla ya ile miaka mitatu ya kawaida. Mwaka huo niliusoma hapa hapa mjini, kwenye meza ya chumba cha nyuma huko Kamalondo, na sasa niko mwaka wa pili wa shahada yenyewe. Jambo nililolitambua kwa kuchelewa ndilo ninalotaka mlijue mapema: mwaka wa msingi ni mwaka wa takwimu na wa kuandika, na anayeutumia kukariri majina ya wanasaikolojia maarufu atafika mwaka wa kwanza mikono mitupu.

Hatua ya kwanza: jua kwa nini mwaka huo upo

Barua ya kukubaliwa ilinihuzunisha, kwa sababu niliona kama nimerudishwa sekondari baada ya kufaulu Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Sababu yake ni ya hesabu tu. Sisi tunamaliza sekondari baada ya miaka 12 ya shule, ilhali kijana wa Uingereza anaingia chuo kikuu baada ya miaka 13, na ile miwili ya mwisho kwa kawaida ameitumia kwa masomo matatu hivi aliyoyachimba kwa kina. Mwaka wa msingi unaziba pengo hilo. Kwa kawaida una krediti 120, na kila krediti huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi, kwa hiyo ni saa 1,200. Ukizigawa kwa wiki 40 utaona kwamba unatakiwa kusoma saa 30 kila wiki. Msichanganye krediti hizo na zile za LMD ya hapa kwetu (mfumo wa lisansi, masta na doctorat unaofuata ule wa Ulaya), ambako mwaka mzima una krediti 60, maana krediti mbili za Uingereza zinalingana na moja ya mfumo wa Ulaya.

Alama za mwaka huo kwa kawaida haziingii katika daraja la mwisho la shahada. Basi huu ndio mwaka ambao kukosea hakugharimu sana, na afadhali ukosee sasa.

Hatua ya pili: uliza kwa maandishi kabla ya kulipa

Uliza kama ukifaulu mwaka wa msingi unaingia mwaka wa kwanza moja kwa moja, na kwa alama ngapi. Uliza kama shahada hiyo inatambuliwa na British Psychological Society, chama cha wanasaikolojia wa Uingereza kilichoanzishwa mwaka 1901, kwa sababu bila utambuzi huo njia ya kuendelea na mafunzo ya kitaaluma nchini humo huwa ndefu zaidi. Tena, kama unatarajia kufanya kazi hapa Kongo, ulizia mapema habari za ekivalansi, yaani kutambuliwa rasmi kwa diploma za kigeni, kwenye Wizara ya Elimu ya Juu. Majibu yote yatunze.

Hatua ya tatu: anza na takwimu siku ya kwanza

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo wengi wetu tunapoanguka, hasa tuliotoka sehemu ya ualimu au Latini-Filosofia, ambako tulizoea kuona saikolojia kama mazungumzo juu ya tabia za watu. Chukua mfano wa kituo cha basi. Kwa asubuhi tano mfululizo, msafiri wa kituo cha kwanza alisubiri dakika 4, 6, 10, 12 na 18. Msafiri wa kituo cha pili alisubiri dakika 9, 10, 10, 10 na 11. Jumlisha ugawe kwa tano: wastani wa wote wawili ni dakika 10. Lakini kila mmoja wetu anajua kwamba hawaishi maisha yale yale, kwani wa pili anaweza kupanga asubuhi yake, na wa kwanza hawezi.

Tofauti hiyo ndiyo inayopimwa na mkengeuko sanifu, ule tuliousoma shuleni kwa jina la écart-type. Kwa kituo cha kwanza, toa 10 kwenye kila dakika, upate -6, -4, 0, 2 na 8. Zipandishe kipeo cha pili, upate 36, 16, 0, 4 na 64, ambazo jumla yake ni 120. Gawanya kwa 4, yaani idadi ya siku ukitoa moja, upate 30. Tafuta mzizi wa mraba wa 30, jibu ni karibu 5.5. Fanya vivyo hivyo kwa kituo cha pili, utapata karibu 0.7. Fanya kwa kalamu, kwa mkono wako, mara kumi kwa takwimu kumi tofauti, kabla hujagusa kompyuta. Mimi nilipofika mara ya nne hivi ndipo nilipoona kwa macho yangu kwamba utafiti wote wa saikolojia unauliza swali hilo moja: tofauti tunayoiona kati ya makundi mawili ni kubwa kuliko mtawanyiko uliomo ndani ya kila kundi, au ni mtawanyiko tu?

Baadaye pakueni jamovi, programu ya takwimu isiyolipiwa. Ikishawekwa kwenye kompyuta inafanya kazi bila intaneti, na katika mji ambao umeme unakatwa kwa zamu hilo ni jambo kubwa.

Hatua ya nne: andika kwa maneno yako

Insha yangu ya kwanza ilipata alama 38 kati ya 100. Nilikuwa nimenakili sentensi za kitabu neno kwa neno, kwa heshima, kama tulivyofundishwa kurudisha maneno ya mwalimu jinsi alivyoyatoa kwenye daftari lake. Chuo cha Uingereza kinaliita jambo hilo wizi wa maandishi, hata kama hukukusudia. Dawa niliyoipata ni hii: soma aya, funga kitabu, mweleze mtu wa nyumbani kwa Kiswahili yale uliyoyaelewa, kisha ndipo uyaandike kwa Kiingereza na kutaja uliyemsoma.

Kiswahili kitakusaidia kuliko unavyodhani. Neno la Kifaransa «expérience» lina maana mbili, jaribio la maabara na yale mtu aliyoyapitia maishani, na sisi tuliosoma kwa Kifaransa huandika «experience» kwa Kiingereza mahali panapotakiwa «experiment». Mwalimu akisoma hivyo anadhani umesimulia maisha yako. Ukijiuliza kwanza kwa Kiswahili kama unasema jaribio au uzoefu, hukosei tena.

Hatua ya tano: soma utafiti ukiuliza ulifanywa kwa nani

Mwaka 2010 Henrich, Heine na Norenzayan walionyesha kwamba sehemu kubwa ya utafiti wa saikolojia imetegemea watu wa nchi tajiri za Magharibi, mara nyingi wanafunzi wa vyuo vikuu, na kwamba watu hao si mfano mzuri wa binadamu wote. Liweke swali hilo mbele ya kila makala. Hata hivyo msidhani kwamba Afrika haimo kabisa: Mary Ainsworth, ambaye nadharia ya mshikamano wa mtoto na mlezi inamtegemea sana, alianza kuwachunguza mama na watoto wao nyumbani kwao katika vijiji vya karibu na Kampala, mwaka 1954 na 1955, kabla ya kazi yake ya Baltimore, Marekani. Nilipojua hilo niliisoma upya sura nzima.

Maswali ya wanachama

Mama mmoja wa Ruashi anauliza: Nina miaka 41, nilimaliza sehemu ya ualimu zamani sana. Je, akili yangu bado itashika?

Itashika, Mama, ila badili namna ya kusoma. Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba wanafunzi waliojipima kwa kujaribu kukumbuka walibakiwa na mengi zaidi baada ya wiki moja kuliko waliorudia kusoma. Basi usirudie daftari mara tano. Lifunge, uandike unayokumbuka, kisha ulifungue kuona ulichoacha. Saikolojia kidogo uliyofundishwa kwa ajili ya ualimu nayo itakufaa.

Kijana wa Katuba anauliza: Yaya, nimepata 62 kwenye kazi yangu ya kwanza nami nimevunjika moyo. Nyumbani nilizoea distinction.

Usivunjike moyo, mdogo wangu. Kwetu distinction inaanzia 70, na mtu wa 62 anahesabiwa kuwa wa kawaida. Uingereza kufaulu kunaanzia 40, daraja la pili la juu linaanzia 60, na 70 ndiyo daraja la kwanza. Umefanya vizuri, soma maoni ya mwalimu kabla ya kuitazama namba.

Dada wa Goma anauliza: Nikimaliza miaka hiyo minne nitaweza kuwatibu watu waliojeruhiwa nafsi na vita?

Hapana, Dada, na nakuomba usikubali mtu akusukume kufanya hivyo. Shahada ya kwanza inakufundisha sayansi, haikupi ruhusa ya kutibu. Uingereza kwenyewe, tangu mwaka 2009 jina la mwanasaikolojia wa tiba linalindwa na sheria, na kulipata kunahitaji mafunzo ya shahada ya uzamivu (doctorat) ya miaka mitatu hivi baada ya shahada ya kwanza. Lakini hujafungwa mikono: Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2011 mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ambao hata asiye mtaalamu anaweza kufundishwa kuutumia, yaani kusikiliza bila kumlazimisha mtu asimulie, kumtuliza, na kumfikisha kwenye msaada anaouhitaji. Anza na huo, chini ya usimamizi.

Baba mwenye mtoto aliyemaliza sekondari anauliza: Kwa nini asisome tu UNILU?

Asome, Baba, kama lengo lake ni kufanya kazi hapa na ada ya nje inaumiza. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina Kitivo cha Saikolojia na Sayansi za Elimu, mafundisho ni kwa Kifaransa, na lisansi ya LMD ni ya krediti 180 kwa miaka mitatu. Njia ya Uingereza inamfaa anayehitaji Kiingereza au anayetaka kuendelea na masomo huko. Mkae naye, mwulize anataka kufanya kazi wapi baada ya miaka kumi.

Mwanachama wa Kampemba anauliza: Kazi inatakiwa saa sita mchana ya London. Hiyo ni saa ngapi kwetu?

Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba hadi Jumapili ya mwisho ya Machi, ni saa nane mchana Lubumbashi; miezi mingine ni saa saba. Wewe itume usiku wa kuamkia siku hiyo, umeme ukiwapo.