Muda wa kumngoja bata mzinga dume

Hapa Missouri, Marekani, msimu wa kuwinda bata mzinga wa majira ya kuchipua hufunguliwa katikati ya Aprili, na wawindaji wengi huondoka porini saa mbili asubuhi wakinung'unika. Mimi ndipo nakaa vizuri. Alfajiri dume hushuka mtini na kuwafuata majike; ukimwita kwa kuiga sauti ya jike anaitikia tu, haji. Baadaye jike anayetaga hujiendea kiotani, dume akabaki mpweke.

Kuanzia saa nne, egemea mti mpana kuliko mabega yako, ita kidogo, kisha nyamaza. Majike wakishaanza kuatamia, kazi ya siku 28 hivi, hata dume mkaidi hulegea. Wengine huja kimya kabisa, kwa hiyo bunduki ikae gotini. Hakikisha umeona ndevu, yaani kishungi cha manyoya kinachoning'inia kifuani, kabla ya kufyatua.