Desimali za vipimo kwenye AutoCAD (programu ya michoro ya kiufundi)
Wadau, kama vipimo vinakutolea 1250.0000 na wewe unataka 1250 tu, usihangaike na amri ya UNITS, ile vipimo vya kwenye mchoro haivigusi. Andika DIMSTYLE (amri ya staili za vipimo), fungua staili unayotumia, ingia Primary Units, Precision weka 0, set current, basi vyote vya staili hiyo vinabadilika kwa mpigo isipokuwa ulivyovibadilisha kimoja kimoja kwa mkono. Ila hapa kuweni makini jamani, mstari wenyewe haujabadilika, wa 1249.6 utasomeka 1250 na fundi atakata hiyo hiyo 1250. Na michoro ya mashine msifute sifuri ovyo, mara nyingi 25 na 25.00 zina tolaransi (kiasi cha kupungua au kuzidi kinachoruhusiwa) tofauti kabisa.